Siku Niliyokula kwa Mteja

Fomu ya kuombea mafunzo ya ushauri nasaha ilikuwa na mstari mmoja tu wa "uzoefu wa kazi", na mimi nilikuwa na uzoefu wa kujaza daftari. Nilikuwa karani wa pamba kwenye ushirika miaka kumi na moja, mpaka soko huria lilipoingia na wanunuzi wenye malori yao. Ushirika ukabaki na mizani na sisi, kisha ukabaki na mizani. Baada ya hapo niliuza mitumba Mabatini, hapa Mwanza. Halafu miezi saba nilisimama kwenye kiwanda cha samaki, mabuti ya mpira hadi magotini, nikimchuna ngozi sangara kwa ajili ya watu wa Ulaya ambao sikuwahi kuwaona wakila. Na katikati ya yote hayo, bila mshahara, nilikuwa mpishi wa misiba. Ukifiwa upande wetu ulitafuta turubai, sufuria kubwa, na mimi. Kwenye fomu niliandika: "Karani."

Mkufunzi wetu alitoka Dar, mtu mpole, msafi, amesoma nje. Sitaki kumsema vibaya; mengi aliyotufundisha yananisaidia hadi leo. Lakini alikuwa na makatazo yake. Usimpe mteja ushauri, wakati cheo chetu ni washauri. Usiende nyumbani kwake. Usile chakula chake. Mtazame machoni, ili ajue uko naye. Na juu ya yote, usimpe pole. Pole, alisema, ni mlango unaofungwa: ukishamwambia mtu pole, anajibu "nimeshapoa" na mazungumzo yamekwisha. Badala yake sema, "Naona una uchungu."

Mwenzetu mmoja alinyoosha mkono. "Na kama amefiwa?"

"Hasa kama amefiwa," akasema mkufunzi.

Darasa zima tukaandika. Mimi nilipigia mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu, maana nilikuwa na miaka thelathini na minane na hamu kubwa ya kuwa mtu mpya. Ukishanuka samaki miezi saba, mtu akikwambia ipo kazi ya kukaa kwenye kiti na kusikiliza, utamkubalia hata akikwambia usipumue.

Nikapewa chumba nyuma ya wodi, viti viwili na meza isiyo na droo. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa na watu waliouguza au kufiwa kwa ule ugonjwa, ambao wakati ule tuliutaja kwa majina yote isipokuwa la kwake. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hawakufika Mwanza ya miaka ile. Kilio kilipigwa, turubai likafungwa, matanga yakaisha, na bado marehemu alikuwa amekufa kwa malaria, au kwa kifua, au kwa mkono wa mtu. Hilo la mkono wa mtu ndilo lililokuwa baya zaidi, kwa sababu mtu huyo ilibidi atafutwe.

Mteja wangu wa nne alikuwa mama wa miaka sitini hivi, mjane, anaishi Igogo, kule juu kwenye mawe. Mwanawe wa pekee alikuwa kibarua wa kiwanda cha samaki, na alikuwa amefariki wiki tatu nyuma. Mama mwenyewe alikuwa anakaanga mapanki. Kwa asiyejua: sangara akifika kiwandani, minofu inapanda ndege, kichwa na mifupa vinabaki kwetu. Hayo ndiyo mapanki, na yakikaangwa vizuri mtu unasahau ulichonyimwa. Ila moshi wake hausahauliki. Miaka yote mbele ya kikaango na mafuta yaliyochoka, macho ya yule mama yalikuwa mekundu asubuhi na jioni. Na huku Usukumani bibi mwenye macho mekundu hahitaji mashahidi ili aitwe mchawi. Kule vijijini vikongwe walikuwa wanakatwa mapanga kwa rangi hiyo tu.

Aliingia, akavua kandambili mlangoni. Nilimwamkia shikamoo, hiyo mkufunzi hakuikataza, nadhani aliisahau. Akaitikia marahaba mwanangu, akakaa, akaweka mikono mapajani, akasubiri. Alikuwa anasubiri pole. Nilijua kabisa anasubiri pole. Ilikuwa imeshafika kooni, nikaimeza.

"Naona una uchungu, mama," nikasema.

Akafikiri kidogo. "Ndiyo."

"Ungependa kuniambia zaidi?"

"Zaidi ya nini?"

Daftari langu halikuwa na jibu la swali hilo. Nikanyamaza kitaalamu. Na kwa kuwa nilitakiwa kumtazama machoni, nilimtazama machoni, bila kupepesa. Akainamisha uso. Mimi, mwanafunzi bora, nikainama na mimi ili niyapate tena macho yake. Tukakaa hivyo karibu saa nzima, anayakwepesha, nayafuata. Alipoondoka niliandika kwenye faili, "Mteja ni mgumu kufunguka," nikatia sahihi.

Wiki iliyofuata hakuja. Aliyekuja ni muuguzi wa wodini, aliyemleta yule mama kwangu, na yeye mwenyewe mkazi wa Igogo. Alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Umemfanya nini yule mama?"

"Sijamfanya kitu."

"Ndivyo anavyosema na yeye. Eti umekaa naye saa nzima hukumpa hata pole, kazi kumkodolea macho. Anasema basi hata hospitali wanajua ni yeye."

Nilikaa chini. Mwanadamu asiyekupa pole ukiwa umefiwa, kwetu ana sababu moja tu. Hata uliyegombana naye mpaka wa shamba anakuja kukupa pole. Anayekaa mbele yako akanyamaza anakwambia: umemuua wewe. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Nilikuwa nimepika kwenye misiba isiyo na idadi, nimewaona watu wakiingia na kutoka, na nikaliacha lote hilo nje ya mlango kwa sababu nilikuwa nimepewa cheti.

Muuguzi alikuwa hajamaliza. Mke wa marehemu alikuwa amerudi kwao, na njiani alisema wazi kwamba mkwewe ndiye aliyemmaliza mumewe. Tangu siku ya kuzika hakuna aliyenunua mapanki ya yule mama wala kula kitu kwake. Balozi wa nyumba kumi, kwa upole wote, alikuwa amemshauri arudi kijijini kwao mwisho wa mwezi, "akapumzike". Kijijini kwao ndiko hasa walikokuwa wanawakata vikongwe. Balozi alilijua hilo, muuguzi alilijua, na yule mama alilijua kuliko wote. Nami nilikuwa nimetia sahihi kwamba ni mgumu kufunguka.

Niliona aibu, tena aibu ya mtu ambaye hata kisingizio hana. Mimi nimezaliwa kisiwani, huko ndani ya ziwa, na sisi watu wa visiwani tunasifiwa uchawi hata tukiwa wanafunzi wa darasa la tano. Shule ya bweni, likizo ikiisha, wenzangu walikuwa wanakula karanga za kila mtu isipokuwa zangu. Nilizila peke yangu mwaka mzima, nikanenepa. Kama yupo mtu Mwanza nzima aliyepaswa kujua maana ya kutokuliwa chakula chako, ni mimi.

Basi Jumamosi nikafunga kanga mbili, nikanunua kilo ya sukari na majani ya chai, nikapanda Igogo. Sikupiga hodi ya kiofisi. Nilivua viatu mbali na mlango, nikaingia nimeshika kichwa, nikakaa chini kwenye mkeka, nikalia. Msinicheke. Kulia msibani ni kazi kama kazi nyingine na nilikuwa naiweza, lakini siku ile nusu ya machozi yalikuwa ya kweli. Nikasema pole mama, pole sana, pole kwa kuuguza, pole kwa kuzika. Kisha nikauliza swali ambalo kila anayeingia msibani huuliza: "Ilikuwaje?"

Ukifiwa kwetu unaulizwa hivyo na kila mtu, na kila mara unaanza upya: alianza na homa, tukampeleka, akapata nafuu, akaomba uji. Unasimulia kwa shangazi, kwa jirani, kwa mtu aliyepotea njia akaona turubai. Ikifika mara ya arobaini maneno yamelainika, unaweza kuyabeba ukaenda nayo kisimani. Huo ndio ushauri nasaha tuliokuwa nao kabla ya viti viwili. Yule mama alikuwa hajaulizwa na mtu hata mmoja. Watu walikuja kuzika, wakamtazama macho, wakaondoka na jibu lao.

Alinisimulia. Ilichukua muda mrefu, na sikuona haja ya kumwambia naona una uchungu. Siku ya mwisho mwanawe aliomba samaki, lakini akataka sato. Sangara, alisema, amechoka kumwona. Mama akateremka mwaloni, kule ufukweni wanakouzia samaki, kutafuta sato. Sato wa kwanza alikuwa mdogo, akaenda kwa muuzaji mwingine, akapata mzuri. Aliporudi kijana alikuwa ameshakata roho.

"Nimemwacha afe peke yake kwa ajili ya samaki," akasema. Halafu, bila kunitazama: "Labda kweli ni mimi, mwanangu. Mtu unaweza kuwa nao na hujui."

"Hakuna mchawi anayeteremka mwaloni kuchagua sato, mama," nikamwambia. "Wachawi hawana subira hiyo."

Akacheka. Kicheko kidogo, cha puani, lakini nilikisikia. Kisha akafuta uso kwa kanga, akainuka kupika.

Katazo la chakula nililikumbuka, nakwambia, neno kwa neno. Nikalikumbuka pia jingine, ambalo halikufundishwa na mkufunzi: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikamwambia ndani kuna joto, tulie nje. Nje ya mlango wake kulikuwa na jiwe pana, na mbele ya jiwe kulikuwa na mtaa mzima. Jirani wa mkabala, mama muuza maandazi, alikuwa anaosha beseni. Aliliosha mara tatu tukiwa tumekaa pale.

Nikala. Ugali wa muhogo, mapanki ya mchuzi, na maziwa ya mgando juu yake. Nikaomba nyongeza kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya pili. Nikafyonza kichwa cha sangara mpaka kikabaki kama kilivyoumbwa. "Karibu chakula, mama," nikamwita yule jirani.

"Asante, nimeshiba," akasema, saa saba mchana, unga bado uko kwenye ungo wake.

Si neno. Alikuwa ameona. Nikateremka zile ngazi za mawe najisikia mtaalamu kuliko siku niliyopewa cheti.

Jumapili alfajiri tumbo likaniamsha. Sitaeleza. Nitasema tu kwamba misa ya kwanza ilinipita, na ya pili pia. Sababu zilikuwepo tele: maziwa yaliyolala, samaki aliyeshinda juani, na ulafi wangu wa makusudi. Angekuwa mteja ameniletea habari hiyo ningemtajia sababu hizo moja baada ya nyingine, kwa sauti ya chini, mpaka atulie. Lakini nilipokuwa nimeshika ukuta wa choo sikumsikia mkufunzi. Nilimsikia bibi yangu mzaa mama: "Sikukwambia usile kwa watu?" Na nikawaza, kwa maneno kamili kabisa: kumbe ni kweli.

Nalisema kwa kuwa kulificha hakutanisaidia tena. Mimi niliyekula karanga zangu peke yangu mwaka mzima. Mimi niliyesema wachawi hawana subira. Niliwaza kumbe ni kweli, tena si mara moja. Fikra hiyo iliendelea mpaka kama saa nne, na hata ilipopungua sikuifukuza mimi. Ilipungua pamoja na tumbo.

Huwa wanasema uzoefu wa maisha ni mtaji wa mshauri. Sawa. Lakini mtaji huo hauji umechambuliwa kama pamba, safi huku na chafu kule. Umeingia na misiba niliyopikia, umeingia na bibi yangu pia.

Kilichonitoa jasho zaidi ni kwamba mtu wa Igogo asije akajua. Kuhara kwangu kungekuwa ushahidi kamili. Wasingengoja mwisho wa mwezi. Tulifundishwa kutunza siri za wateja, na siri ya kwanza niliyoitunza kwa nguvu zangu zote ilikuwa ya tumbo langu mwenyewe. Mpangaji mwenzangu aliponiona nakwenda uani mara ya tano akauliza kulikoni, nikamwambia nafua. Aliangalia kamba ya nguo, ilikuwa tupu, akaniacha.

Jumatatu ilibidi nionekane. Mitumba ilinifundisha kukunja shati ili doa litazame chini, nami nikajikunja hivyohivyo. Nikapaka mafuta usoni, rangi ya mdomo, nikavaa kitenge chenye maua makubwa ambayo mgonjwa hawezi kuyavaa. Tumboni sikuwa na kitu ila maji ya chumvi na sukari. Nilipanda yale mawe nikipumzika mara tatu, na kila mara nikajifanya naangalia ziwa. Nimezaliwa katikati ya ziwa hilo, sina cha kuliangalia.

Muuza maandazi alinisubiri mlangoni kwake. "Umeamkaje?"

"Salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na jana uliamkaje?"

"Jana nililala tu. Nilishiba mno juzi, sikutaka hata chai."

Akanitazama kuanzia kitenge hadi kandambili, akatafuta, hakupata. Nikavuka, nikakaa kwenye lile jiwe. Yule mama akatoka na furaha ambayo hakujaribu kuificha, na kabla sijasema nimekuja kusalimia tu, ugali ulikuwa mbele yangu, na mapanki, na bakuli la maziwa. Maji ya kunawa yakamiminwa. Nikanawa.

Mkono wangu ukasimama. Haukusimama sana, mtu angeweza kusema nangoja ugali upoe. Lakini yule mama alikuwa amekaa wiki nne akitazama mikono ya watu inavyosimama. Furaha ilimtoka usoni taratibu, adabu ikabaki. Akanyoosha mkono wake kwenye sahani yangu, akamega tonge upande wangu, akachovya mchuzi, akatafuna, akameza. Kisha akainua bakuli la maziwa akanywa funda moja, akalirudisha mbele yangu.

Ni desturi ya zamani. Mwenye pombe hunywa kwanza, ili mgeni ajue hakuna kitu ndani. Hufanyiwa mtu msiyejuana, au anayekushuku.

"Kula sasa, mwanangu," akasema.

Nilikula. Nilitamani kulia, lakini jirani alikuwa anatazama, na machozi yangesomwa vingine. Nikala nikatabasamu, na tumbo langu, ambalo lilikuwa na kila haki ya kukataa, likapokea kila kitu kama mtoto mwema. Mpaka leo halijanieleza kwa nini.

Mambo mengine yalikwenda haraka. Siku ileile muuza maandazi alivuka na kibakuli kuomba chumvi, akasimama, akasema harufu ya mapanki imempata hadi kwake, akapewa kichwa, akakishika, akakigeuza, akala. "Hukuweka pilipili," akalalamika, na hapo nikajua mambo yamekwisha. Wiki iliyofuata watoto walikuwa wanatumwa na sahani kununua. Mwisho wa mwezi ulifika, ukapita. Balozi alisema yeye hakumwambia mtu aondoke, alizungumzia mapumziko tu, na watu siku hizi wana maneno.

Mkufunzi alipokuja kutukagua nilimsimulia, isipokuwa habari ya chooni na ya tonge. Alinisikiliza vizuri, akanikemea kwa ajili ya chakula, na mwaka uliofuata nikasikia anafundishia habari zangu kama mfano wa kushirikisha jamii. Chakula alikuwa amekiondoa.

Yule mama hakurudi kijijini. Aliishi palepale Igogo miaka mingi, akakaanga, akazeeka, akafa kitandani kwake kwa uzee, na msiba wake ulijaa watu hadi chini ya mawe. Mimi ndiye niliyepika. Kabla ya hapo nilikula kwake mara nyingi, karibu kila mwezi, sikukuu hata siku za kawaida. Majirani aliwapakulia tu, wakala. Kwangu alionja kwanza, tonge moja upande wangu na funda moja la maziwa, kila mara, mpaka mwisho, bila kinyongo, kama mtu anayejua mgeni wake anapenda nini. Nilitamani kumwambia aache. Lakini ili aache ilibidi kwanza nimwambie nilichokuwa nimekiwaza Jumapili ile, na ujasiri huo sikuupata. Kwa hiyo yeye alionja, na mimi nikangoja ameze.